Kuzeesha sakafu ya mbao: chora njia za miguu kabla ya kushika nyundo

Sakafu ya mbao iliyokanyagwa miaka hamsini haichakai sawasawa. Penye mlango imelika mpaka imebonyea kidogo, lakini chini ya kabati la nguo iko vilevile kama siku ilipolazwa. Mbele ya karo la jikoni rangi imekwisha. Nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna mtu anayekanyaga, kingo za mbao bado ni kali. Sakafu nyingi za kuzeeshwa, yaani mpya zinazofanywa zionekane kuukuu, hazimdanganyi mtu, kwa sababu fundi alichukua mnyororo akachapa chumba kizima kwa nguvu ileile, kona hadi kona. Hiyo si sakafu kuukuu. Ni sakafu mpya iliyopigwa.

Ndiyo maana hapa tunaanza na chaki, na nyundo inakuja baadaye sana. Vipimo vyote vilivyomo ni vya chumba cha mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20, chenye mbao nzima za unene wa milimita 19 hadi 22. Mtu mmoja na msaidizi wake wahesabu wiki nzima, na sehemu kubwa ya wiki hiyo ni kusubiri vitu vikauke.

Kagua kabla ya kugusa

Ng'oa kipande kimoja cha skatingi, au kibao cha kizingiti, uone ubao kwa ubavu. Mbao za ulimi na mfereji, zile ambazo ulimi wa ubavu mmoja huingia kwenye mfereji wa ubao jirani, zikiwa na unene wa milimita 20 huwa na milimita 6 hadi 8 tu juu ya ulimi. Huo ndio mtaji wako wote. Ukichimba zaidi ya milimita 3, ukingo wa juu wa mfereji unabaki mwembamba, na utavunjika siku mtu akiburuta friji. Parketi ya vipande vidogo vya milimita 8 inaruhusu kupiga msasa, kulainisha kingo na kubadili rangi, basi. Mbao za tabaka, zile za plaiwudi iliyogandishwa ngozi ya mti mzuri juu, zisichunwe kama ngozi hiyo haifiki milimita 3. Laminati haizeeshwi kabisa, maana ulichonacho pale ni picha ya mbao.

Mbao zilizonunuliwa kwenye nyumba iliyobomolewa zichunguzwe rangi. Zikiwa na ukijani ndani kwa ndani, huenda zilitiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, ile ya nguzo za umeme. Hizo usizipige msasa, usizichome, usizilaze ndani ya nyumba. Mbao za paleti ziwe na muhuri wa HT, maana yake zilipashwa moto. Zenye MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu, ziache. Rangi ya mafuta ya zamani nayo inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo iondoe kwa dawa ya kubandulia na kikwangulio ikiwa mbichi, usiitimue vumbi.

Ukiona unga mpya kama wa ngano karibu na vitundu, kuna wadudu wanaobungua hadi leo. Watibu kwanza. Utatoboa vitundu vya uongo baadaye, na hutaki kuvichanganya na vya kweli.

Mwisho wa ukaguzi ni kutembea chumba kizima. Ubao unaolia ufunge kwa skrubu sasa, na misumari yote izamishwe milimita 3 chini ya uso. Msumari mmoja uliobaki juu unararua mkanda wa msasa au kutia pengo kwenye bapa la randa.

Mti ulionao ndio utakaoamua

Paini na sipresi ni laini, na ndani ya kila pete ya mwaka zina sehemu mbili: ya chap-chap iliyo laini, na ya polepole iliyo ngumu na nyeusi zaidi. Brashi ya waya inakula ile laini na kuacha ile ngumu imesimama kama mistari. Kwa hiyo mbao hizi zinazeeka kwa urahisi na kwa bei ndogo. Ubaya wake ni kwamba hazina taniki nyingi, ile kemikali ya asili ya mti inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma, na zitahitaji kusaidiwa wakati wa rangi.

Mninga, mkongo, msaji na mvule ni ngumu na nyuzi zake zimekaribiana. Brashi ya waya itazikwaruza tu bila kuzichimba. Huku utegemee kukwangua, kulainisha kingo na rangi. Tena usitumie brashi ya waya wa chuma kwenye miti hii. Nyuzinyuzi za chuma zinavunjikia ndani ya vinyweleo, na siku sakafu ikilowa kila chembe inakuwa nukta nyeusi. Tumia brashi ya shaba au ya nailoni yenye mchanga. Mvule una mambo mengine mawili: vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua kuliko miti mingi, na ndani yake huwa na mawe ya chokaa yanayovunja makali ya randa bila taarifa. Msaji una mafuta ya asili yanayochelewesha vanishi kukauka.

Mkaratusi una taniki nyingi na unageuka kijivu haraka mno. Kwake punguza dawa ya siki na chuma tutakayoipika kwenye hatua ya rangi.

Vitu vya kuandaa kwa mita za mraba 20

- Msasa wa namba 60, 80 na 120, pamoja na karatasi chache za 220
- Siki nyeupe lita 2
- Gramu 60 za waya laini wa kusugulia masufuria, ule wa kijivu unaoshika kutu, usio na sabuni ndani. Ule unaong'aa usioshika kutu hauyeyuki kwenye siki
- Majani ya chai pakiti ya gramu 100
- Mafuta ya kitani yaliyochemshwa lita 3, tapentaini lita 2 na nusu, nta ya nyuki gramu 250. *Au* vanishi ya poliyurethani isiyong'aa lita 6
- Poda ya oksaidi nyeusi na ya kahawia, ileile ya kutia rangi sakafu za saruji, vijiko vichache
- Randa ndogo, vikwangulio viwili, brashi ya waya ya drili, mnyororo wa nusu mita, funguo kuukuu, kipande cha bomba la nusu inchi
- Barakoa nzuri ya vumbi, miwani, vizibo vya masikio, glavu za mpira, matambara mengi ya pamba

Kikwangulio si lazima ukinunue. Kipande cha bapa la msumeno mkuukuu, kilichonyooshwa kwa tupa na kupinda makali kidogo kwa kukisugua na shina la bisibisi, kinafanya kazi ileile.

Ramani

Simama mlangoni. Jiulize watu wangepita wapi kama nyumba hii ingekuwa na umri huo unaouigiza. Chora kwa chaki njia kutoka mlango hadi mlango, upana wa sentimita 60 hadi 70, ikipinda kidogo kwenye kona kwa sababu binadamu hapindi kwa pembe mraba. Weka duara mahali mtu anaposimama kwa muda: mbele ya dirisha, kando ya kitanda, mbele ya karo. Halafu chora mistatili ya samani ambazo zingekaa hapo miaka yote. Ndani ya mistatili hiyo hutagusa chochote zaidi ya rangi.

Sasa una sehemu tatu: iliyolika, ya kawaida, na iliyolala. Iliyolika isizidi robo ya chumba. Wengi wanaipa nusu, na hapo jicho linakosa mahali pa kulinganisha.

Nakili ramani hiyo kwenye karatasi na uibandike ukutani. Chaki inakwenda na msasa wa kwanza, na utaihitaji tena baada ya rangi.

Kutoa ujana

Piga chumba kizima msasa wa 60, kisha 80, ukifuata mkondo wa nyuzi. Lengo ni kutoa vanishi ya zamani na alama za kiwanda, usitafute kioo. Kujua kama vanishi imeisha, dondosha matone ya maji sehemu mbalimbali. Tone likikaa duara juu, bado ipo. Likinywewa ndani ya dakika moja au mbili, endelea. (Msaji, kwa mafuta yake, hukawia kunywa hata ukiwa safi.) Jaribio hili usiliruke, maana karibu kila doa jeupe linaloonekana baada ya rangi chanzo chake ni vanishi au gundi iliyobaki.

Kisha kingo. Hapa ndipo tofauti kubwa kuliko zote inapopatikana kwa jasho dogo. Sakafu mpya ina mbao zilizolingana kama meza moja. Ya zamani kila ubao umesinyaa kivyake na kingo zimezungushwa na nyayo. Pita na randa ndogo kwenye kila ukingo, ukikata pembe kwa milimita 1, ubadilishe mkono njiani: hapa milimita 1, pale 2, pale usiguse. Kwenye njia za miguu fika 3 na uzungushe kwa msasa. Ukiiweka randa kwenye kipimo kimoja na kwenda moja kwa moja, utapata mfereji ulionyooka wa kiwandani, ambao sasa unauzwa dukani tayari na kila mtu anautambua.

Ncha za mbao, pale ubao mmoja unapokutana na mwingine kwa kichwa, zilainishwe kidogo tu. Zikizungushwa sana zinanasa vidole.

Kula njia

Kwenye mbao laini, funga brashi ya waya kwenye drili, mzunguko wa polepole, sukuma *kufuata* nyuzi. Ukikatisha nyuzi unaacha mikwaruzo ya mviringo ambayo rangi itaitangaza chumba kizima. Pita mara tatu au nne kwenye njia, mara moja kwenye sehemu ya kawaida, usipite kabisa kwenye iliyolala. Kina cha nusu milimita kinatosha kuhisiwa kwa unyayo. Grenda inafanya haraka zaidi, lakini sekunde moja ya kuchelewa mahali pamoja inachimba bakuli ambalo hutaliziba.

Kwenye mbao ngumu, kwangua. Magoti kwenye sponji, kikwangulio mikono miwili, kivute kuelekea kwako kwa mikwaruzo ya sentimita 20 hadi 40 inayoingiliana bila mpangilio. Ubao ukianza kutoa unga badala ya maganda, makali yamekwisha. Nyoosha upya, usiongeze nguvu, kwa sababu nguvu ndiyo inayong'oa nyuzi na kuacha mashimo yenye manyoya. Penye fundo nyuzi zinageuka, nawe geuka nazo.

Njia nyingine ni randa yenye bapa lililonolewa kwa mduara, pembe zake mbili zikiwa nyuma ya katikati kwa milimita 1. Inaacha mabonde mapana yasiyo na ukingo, kama mbao zilizorandwa kwa mkono kabla ya mashine. Kina kisizidi nusu milimita kwa kila pito. Kwa ladha yetu hii ndiyo alama nzuri kuliko zote, kwa kuwa huioni mchana wa saa sita lakini jioni, mwanga ukija wa ubavuni kutoka dirishani, sakafu nzima inaamka.

Tezo ni kwa mbao ambazo hazijalazwa bado. Mafundi wa majahazi wa Pwani huchonga mbao kwa tezo, na mkono uliozoea unaacha makovu mafupi yenye mpangilio wa asili ambao mashine haiwezi kuiga. Mpe fundi ubao mmoja kati ya kila mitano, alama zikatishe kidogo nyuzi, kisha upunguze ncha zake kwa msasa wa 80. Kwenye sakafu iliyokwisha lazwa tezo inapiga misumari, na ikikosea inapiga muundi wa mguu.

Lakini kabla ya brashi, kikwangulio au randa hiyo, tanguliza mashine ya msasa namba 60 kwenye njia, ukizamisha katikati milimita 1 hadi 1.5 na kupandisha polepole kuelekea pembeni. Hakikisha kwa kulaza rula ndefu. Mwanga upite chini yake katikati, bila ngazi yoyote.

Makovu

Kila kovu la sakafu halisi lina sababu yake. Ukijua sababu utajua mahali pa kulipiga.

Mlango unaoburura huacha tao. Funga msumari butu kwenye uzi uliopimwa upana wa mlango, chora tao moja au mawili yasiyokamilika. Miguu ya kitanda huacha mabonyeo ya duara kwenye pembe nne za mstatili uliouchora: gonga kipande cha bomba mara mbili tatu, ukikisogeza milimita chache kama kitanda kilivyosogea wakati wa kufagia. Jikoni, karibu na mahali pa jiko, mfuniko wa sufuria ulioangukia ukingo huacha mstari mfupi uliopinda kama ukucha. Chukua mfuniko wenyewe, ugonge kwa nyundo ya mpira. Penye meza ya kazi kuna vitu vidogo vilivyoanguka, na hapo funguo na mnyororo vina nafasi yake. Dondosha kutoka usawa wa kiuno, usichape. Kila baada ya alama tatu nne geuza kifaa, kwa sababu jicho hushika umbo linalojirudia haraka ajabu.

Kina kisizidi milimita 1. Kovu la kina zaidi hukusanya uchafu na, kwenye paini, linapasua nyuzi.

Vitundu vya wadudu vina kanuni yake. Toboa kwa msumari ulionolewa au sindano ya fundi viatu, upana wa milimita 1 hadi 1.5, vikundi vya vitano hadi tisa, ukibadili mwelekeo wa sindano. Wadudu wa mbao kavu wanapenda ngozi nyeupe ya nje ya mti, si moyo. Vitundu vikiwa katikati ya moyo mwekundu wa mninga, seremala yeyote atacheka. Viweke ukingoni, kwenye weupe, na ubao mmoja kati ya kumi unatosha.

Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye maji chumba kizima, acha kikauke, kisha msasa wa 120 kwa mkono. Maji yanasimamisha manyoya yote ya mbao ili msasa uyakate sasa na si baadaye. Hatua hii pia inazungusha midomo ya makovu, kwa kuwa kovu la zamani halina ukali. Kisha vua viatu utembee. Nyumba zetu watu wanatembea peku, watoto wanatambaa, na wageni wanakaa chini kwenye mkeka. Kibanzi kimoja kinaharibu sifa ya kazi yote. Usivuke namba 120, mbao zikiwa laini mno hazinywi rangi.

Rangi ya chuma na chai

Rangi za dukani zinapaka uso kwa usawa. Mchanganyiko wa siki na chuma unaingia kwenye taniki ya mti wenyewe, kwa hiyo kila ubao unajibu kivyake, na ndivyo umri unavyofanya.

Osha waya kwa sabuni ya vyombo kutoa mafuta, suuza, ukauke. Uchane vipande ndani ya chombo cha plastiki chenye lita 2 za siki. Funika bila kukaza, kwa sababu inatoa haidrojeni; weka nje, mbali na moto. Baada ya siku 2 hadi 4 waya utakuwa umelika sehemu kubwa na maji yana rangi ya kijivu hafifu. Chuja kwa kitambaa mara mbili. Tumia ndani ya wiki moja: yakigeuka rangi ya chungwa yameshika kutu, na yatakupa wekundu badala ya kijivu.

Kwa paini na sipresi, kwanza paka chai. Vijiko 5 vya chakula vya majani kwa kila lita, chemsha dakika 10, ipoe, chuja. Paka ishibe, subiri saa 3 au zaidi ikauke. Wenye magome ya muwati wanaweza kuyachemsha badala ya chai. Muwati ndio unaotumika kusindika ngozi, na taniki yake ni kali kuliko ya majani. Mninga, mkongo na mkaratusi hazihitaji chai. Anza na sehemu 1 ya dawa kwa 3 za maji.

Jaribu kwenye kipande kilichobaki, kilichopitia hatua zote zilezile za msasa, au kwenye sakafu iliyo ndani ya kabati. Usijaribu kwenye ubao wa kabati la dukani ukafikiri umejua. Hukumu rangi baada ya saa 2, kisha lowanisha kwa tapentaini uone itakavyokuwa chini ya mafuta. Karibu kila mara ni nyeusi kuliko ulivyodhani.

Wakati wa kupaka, chukua mbao mbili au tatu kwa urefu wake wote, ukuta hadi ukuta, usisimame katikati. Ukingo ukikauka ukarudi juu yake, mstari wa kuungana haufutiki. Msaidizi afuate nyuma na tambara kunyonya madimbwi. Brashi isiwe na pete ya chuma, au uifunge kwa nailoni, la sivyo inadondosha matone meusi.

Misumari ya zamani kwenye mti wenye taniki huzungukwa na kivuli cheusi. Chovya brashi nyembamba kwenye dawa isiyochanganywa maji, gusa kila kichwa cha msumari, vuta kidogo kufuata nyuzi. Kazi ya nusu saa, na inashawishi kuliko mnyororo wa siku nzima.

Ikikauka usiku kucha, futa kwa kitambaa chenye unyevu kutoa unga, iache ikauke tena. Masika, Dar es Salaam au Mombasa, ipe siku mbili.

Sasa rudi kwenye ramani ya ukutani. Kunja msasa wa 120 kiganjani, pita kwenye njia za miguu na kwenye vichwa vya kingo tu. Rangi hii iko juu juu, mapito machache yanafunua mti ulio hafifu chini. Ndani ya makovu itabaki nyeusi. Hapa ndipo mpangilio wa kazi unapojieleza: makovu yalitangulia rangi ili yaishike, na kulika kunafuata rangi ili kuiondoe.

Kufunga: mafuta na nta, au vanishi

Chagua moja. Ukipaka nta leo na vanishi mwakani, vanishi itabanduka kama ngozi ya kitunguu, maana haishiki juu ya nta.

*Mafuta na nta* ndiyo tunayopendekeza kwa sebule na vyumba vya kulala. Mkono wa kwanza: lita 1 ya mafuta ya kitani na lita 1 ya tapentaini. Paka, subiri dakika 20, futa yote ambayo hayajanywewa. Mkono wa pili na wa tatu bila tapentaini, vyembamba, kila mmoja baada ya saa 24 au zaidi. Mafuta yaliyoachwa juu hayakauki, yanakuwa gundi inayonasa vumbi, na dawa yake ni kufuta kwa tapentaini na kuanza upya. Matambara yenye mafuta haya yanaweza kuwaka yenyewe yakirundikwa. Yatandaze nje moja moja au yazamishe kwenye debe la maji, usiyatupe kwenye ndoo ya taka jioni ukalala.

Nta: chemsha maji kwenye sufuria, *zima moto*, weka kopo lenye gramu 250 za nta iliyokwanguliwa ndani ya maji hayo. Ikiyeyuka, peleka kopo nje mbali na jiko lolote, kisha koroga mililita 750 za tapentaini. Gawa robo yake, tia kijiko kimoja cha oksaidi ya kahawia na nusu ya nyeusi. Hiyo ya rangi isugue kwenye nyufa, makovu na vitundu, futa uso mara moja. Halafu nta isiyo na rangi chumba kizima, iache nusu saa, ng'arisha kwa tambara kavu.

*Vanishi* ni kwa jikoni, korido na nyumba za kupangisha. Nyufa zitiwe weusi kabla, kwa rangi ya mbao iliyopunguzwa thina, si kwa nta. Msaji na mvule upangusie thina kwanza kutoa mafuta, upake ndani ya saa chache. Koroga kopo kila unapochota, bila kulitikisa: unga unaozuia mng'ao huzama chini, na asiyekoroga anapata mkono wa kwanza unaong'aa na wa mwisho uliojaa ukungu. Mikono mitatu, wa kwanza ukiongezwa thina kiasi cha sehemu 1 kwa 10. Katikati yake msasa wa 220 kwa kugusa tu. Ukibonyeza pembeni mwa mbao unakula rangi. Vanishi inayong'aa usiiguse kabisa, inaonyesha kila bonde kama kosa.

Soksi baada ya saa 48, samani baada ya wiki, zulia baada ya wiki tatu.

Baadaye

Sakafu hii haipigwi deki kwa ndoo ya maji. Fagia kwa ufagio laini, futa kwa tambara lililokamuliwa sana. Sabuni ya unga inatoa nta, na dawa zenye klorini zinageuza rangi. Tapentaini na nta kidogo kwenye njia za miguu mara mbili kwa mwaka inatosha.

Ndimu iliyodondoka na kuachwa usiku itaacha doa jeupe, kwa sababu asidi yake inaondoa chuma kwenye mti. Kasoro hiyohiyo ndiyo tiba ya ubao uliotoka mweusi kuliko wenzake kabla hujapaka mafuta: yeyusha vijiko viwili vya sitriki asidi kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, paka ubao ule tu ukiwa umeziba jirani zake kwa utepe, tazama kwa dakika tano hadi kumi, suuza mara mbili kwa maji safi. Ukififia kupita kiasi, chai na dawa ya chuma iliyopunguzwa vitaurudisha.